Sura ya Saba: Hatua Mia Mbili na Kumi za Kimya

Jumatano, tarehe 23 Agosti. Mvua ilikatika alfajiri, na kufikia saa mbili asubuhi jua lilikuwa linawaka juu ya jiji dogo la Dagsaan kana kwamba halikuwahi kuona chochote. Matope ya mafuriko yalikuwa yakikauka barabarani na kupasuka vipande vipande. Harufu yake ilifika mpaka ndani ya kituo cha polisi, ambako Sajini Perfecta Dumalagan alikuwa ameketi mbele ya mtu aliyekataa kunywa kahawa.

"Kunywa, Manong Doro. Haina sumu." Manong, kaka mkubwa: ndivyo Dagsaan ilivyomwita kila mzee, na kila mama mtu mzima Manang.

"Watu wa Pampang wangependa iwe nayo."

Teodoro Kintanar, mwenye miaka sitini na mmoja, ndiye aliyekuwa sauti ya jiji. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka mitaani na pikipiki yenye kibanda cha pembeni na spika mbili juu yake, akitangaza kila ambacho Ofisi ya Habari ya Jiji ilitaka watu wajue: chanjo ya mbwa, kukatika kwa maji, mashindano ya kuimba ya Meya. Siku nane zilizopita alipewa tangazo la kufunguliwa kwa bwawa. Mto ulifurika, watu watatu wa mtaa wa Pampang wakafa maji, na waliosalia wakaapa kwamba hawakusikia tangazo lolote. Nyumba ya Doro ilipigwa mawe usiku huohuo. Kesho yake alijileta mwenyewe kituoni, na hakuwa ametoka tangu hapo.

"Leo saa kumi jioni ripoti yangu inatakiwa mezani kwa mwendesha mashtaka," Perfecta alisema. "Ilivyo sasa, inasema hukufika Pampang, ukaghushi saini ya mjumbe wa mtaa, na watu watatu wamekufa kwa uzembe wako. Unajua hiyo ni miaka mingapi?"

"Kwa umri wangu, ni yote iliyobaki."

"Basi nisaidie."

"Nilifika. Nilitangaza. Mjumbe alitia saini."

"Mjumbe ni Basilisa Orbeta. Anasema siku hiyo hakukuona kwa macho yake."

Doro alitazama kikombe. "Manang Basilisa amefiwa na mumewe. Mwache."

"Nimekuuliza kama ulifika. Sijauliza nani amefiwa."

"Nilifika. Nilitangaza. Mjumbe alitia saini."

Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Perfecta alifungua daftari lake akaandika: *Amekariri. Nani amemfundisha?*

* * *

Ofisi ya Habari ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la jiji. Kuta zake zilijaa picha za Meya akimkabidhi mtu kitu. Mkuu wa ofisi, Wenceslao Ortaliz, alikuja mlangoni akiwa na shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe.

"Sajini! Karibu sana. Jiji liko wazi kwako. Kahawa?"

"Karatasi ya saini ya tarehe kumi na tano. Ile halisi."

"Nilikutumia nakala. Ya rangi kabisa."

"Ndiyo maana nataka halisi."

Ortaliz alicheka peke yake, kisha akafungua kabati. Karatasi ilikuwa na vituo vinane, kila kimoja na mstari wake: mahali, saa, jina la aliyepokea tangazo, saini. Pampang ilikuwa mstari wa sita, saa saba na dakika hamsini mchana. Perfecta aliipeleka dirishani akaiinua ipigwe na mwanga. Kando ya saini ya Basilisa Orbeta palikuwa na doa dogo kama punje ya choroko, na hapo karatasi ilipitisha mwanga. Kwenye nakala halikuonekana. Alilikwaruza kwa ukucha. Unga mweupe ukabaki chini ya ukucha.

"Mafuta ya samaki," Ortaliz alisema haraka. "Mzee yule hula huku anaendesha."

"Mafuta hayakwaruziki."

"Sajini, tusizungushane. Saa saba na nusu pikipiki yake ilionekana kwenye uwanja wa kupiganisha majogoo. Tuna shahidi. Alikuwa anatazama majogoo, muda ukampita, akajisainia mwenyewe. Ni jambo la kusikitisha, lakini ndiyo hali."

Perfecta alishusha kidole mpaka mstari wa tano. "Uwanja wa majogoo, saa saba na nusu. Saini ya meneja. Nyie ndio mliomtuma huko."

Ortaliz aliinama kusoma, kama mtu anayeiona karatasi yake kwa mara ya kwanza.

"Ilikuwa dhana tu," alisema.

"Dhana ambayo mmeiweka kwenye ukurasa wa jiji mtandaoni, na picha ya Doro juu yake."

"Tuliandika 'inadaiwa'."

"Nipe tangazo alilolisoma."

Lilikuwa kwenye jalada, namba 118. *Maji ya bwawa yatafunguliwa kuanzia saa tisa alasiri. Wakazi wa kando ya mto wahame kabla ya saa hiyo.* Muhuri, tarehe, saini ya Ortaliz. Perfecta alifunua la nyuma yake, namba 117, la chanjo ya mbwa. Akafunua la mbele, namba 119, la kumshukuru Meya kwa mchele wa msaada. Yote mawili yalikuwa na matundu mawili ya pini juu, kulia na kushoto. Alirudi kwenye 118, akapitisha kidole ukingoni. Karatasi ilikuwa nzima, bila tundu hata moja.

"Matangazo yote hubandikwa ubaoni kabla ya kuingia kwenye jalada?" aliuliza.

"Lazima. Siku tano. Huo ndio utaratibu."

"Hata la bwawa?"

"La bwawa kuliko yote. Lilibandikwa asubuhi ileile."

"Niandikie hivyo, uweke saini."

Ortaliz aliandika kwa furaha. Mwandiko wake ulikuwa mzuri.

* * *

Pampang ilianzia kwenye kona ya duka la mikate na kushuka kuelekea mtoni. Mwenye duka, Choleng, alikuwa amesimama mlangoni na fagio, anapigana na matope ambayo hayakuwa hata ya kwake. Duka lake lilikuwa juu, maji hayakulifikia.

"Manang Choleng, Jumanne ile ulimsikia Doro?"

"Nani asimsikie? Sauti yake kama ng'ombe anayepelekwa machinjioni."

"Mtaa mzima umesema haukusikia."

"Mtaa mzima ni wa kule chini. Wenzako walinipita hapa mlangoni wakakimbilia kwenye matope kupigwa picha. Hakuna aliyeniuliza hata bei ya mkate."

"Mimi nakuuliza. Ulisikia nini?"

"Bwawa linafunguliwa saa kumi, walio kando ya mto wahame. Basi."

"Saa kumi, au saa tisa?"

"Saa kumi. Afande, mimi mikate ya jioni naiingiza motoni saa tisa. Nikapiga hesabu kwamba nitaitoa kabla watu hawajaanza kuhama, wabebe. Maji yamekuja mikate iko motoni bado."

Perfecta aliandika, akapiga mstari chini yake mara mbili. "Kisha Doro akaenda wapi?"

"Akashuka. Akazima spika, akashuka."

Kalamu ilisimama. "Akazima?"

Choleng alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyesahau jina la mama yake. "Kulikuwa na jeneza nyumba ya tatu. Mume wa Manang Basilisa, siku ya tatu ya matanga. Ulitaka apite anapiga kelele mbele ya maiti? Alipokufa mama yako, pikipiki ya matangazo ilipita kwenu inapiga kelele?"

"Hapana," Perfecta alisema. "Walizima."

"Haya sasa."

"Mbona hukusema?"

"Kusema nini? Kila askari ameuliza kama alikuja. Nani ameuliza kama alizima? Kila mtu huzima. Hiyo nayo ni habari?" Alisukuma fagio. "Aliwasha tena kule uwanja wa mpira wa kikapu. Nilimsikia kwa mbali."

"Na hao wa katikati?"

"Walikesha siku tatu na maiti, afande. Saa nane mchana nani angekuwa macho?"

Perfecta alishuka akihesabu. Kutoka kona mpaka uwanja wa kikapu zilikuwa hatua mia mbili na kumi. Nyumba ishirini na saba, kumi na sita kati yake zikiwa zimeegemea ukingo wa mto, au kile kilichobaki cha nyumba hizo. Maiti mbili zilitolewa kwenye nyumba ya nne, moja kwenye ya kumi na nne. Alichora mtaa wote kwenye daftari, akaweka alama mahali spika ilipozimwa na mahali ilipowashwa. Katikati hakuandika chochote.

* * *

Pikipiki ya matangazo ilikuwa uani kwa polisi, imefungwa mnyororo. Vitu vyake vilikuwa vimeandikwa kwenye orodha siku ya kwanza: koti la mvua, betri, rozari, mfuko wa plastiki wenye karatasi. Hakuna aliyeufungua mfuko. Perfecta aliufungua mbele ya askari wa zamu, akamtaka aandike saa na jina lake.

Ndani yake palikuwa na tangazo namba 118. Muhuri ule ule, tarehe ile ile, saini ile ile nzuri. *Maji ya bwawa yatafunguliwa saa kumi kamili jioni.*

Aliirudisha karatasi kwenye mfuko wa plastiki, akaenda nayo mpaka kwa Doro na kuiweka mezani. Kando yake akaiweka karatasi ya saini.

"Nani alikuambia useme 'nilifika, nilitangaza, mjumbe alitia saini'?"

"Bwana Ortaliz. Alisema nishikilie karatasi, maana karatasi haizami."

"Ulizima spika pale kona."

"Kila mtu huzima."

"Najua. Doa hili ni nta ya mshumaa. Alitia saini wapi?"

"Juu ya jeneza." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Meza zote zilikuwa zimejaa karata za wakeshaji na vikombe. Alikuwa anabadilisha mshumaa mmoja. Akachukua kalamu, akasaini pale pale, kwenye kioo cha jeneza."

"Bila kusoma?"

"Nilimwambia. Kwa kunong'ona, ndiyo, lakini nilimwambia. Manang, hili ni la maji, saa kumi, watu wahame. Akatazama nyumba ya jirani. Rosenda, mke wa Isko, alikuwa amewapikia wageni uji siku tatu bila kulala, ndio kwanza ameenda kunyoosha mgongo na mtoto wake. Akaniambia, waache walale kidogo, nitawaamsha mwenyewe saa tisa na nusu. Nikasema sawa." Alirudia neno hilo polepole. "Nikasema sawa, nikasukuma pikipiki mpaka uwanjani."

"Na maji yalikuja saa ngapi?"

"Saa tisa na robo."

Nje, mtu alikuwa akicheka na simu. Perfecta alingoja anyamaze.

"Siku nane, Manong. Siku nane unaniangalia usoni unaniambia ulitangaza."

"Afande, maji yalipoingia, wanaume wanne walilibeba lile jeneza kulipandisha barabarani. Mmoja wao alikuwa Isko. Alidhani Rosenda ameshaamka, ameshapanda. Alimwokoa mume wa Manang Basilisa aliyekwisha kufa, na watu wake waliokuwa hai wakabaki ndani. Sasa wewe ulitaka mimi ndiye nimwambie Isko nani alisema wasiamshwe?"

Perfecta aliangalia saa ya ukutani. Saa nane na dakika thelathini na tano.

"Kosa la kughushi nitalifuta kwa nta hii," alisema. "Lakini saa iliyobadilishwa ni karatasi yako dhidi ya karatasi yao. Wao wana muhuri na kabati. Choleng alisikia saa kumi, lakini hakusaini popote, watasema alikosea saa. Nahitaji mtu aliyelisikia tangazo kutoka kinywani mwako akiwa Pampang, na aliyetia saini. Bila yeye, Ortaliz atasema karatasi hii umeichapa mwenyewe."

"Basi nifunge," Doro alisema. "Ni rahisi zaidi."

* * *

Sala za siku ya tisa za marehemu zilikuwa zikisaliwa kanisani kando ya barabara, kijumba chenye viti vya plastiki na sanamu ya Bikira iliyopoteza mkono kwenye mafuriko. Perfecta alifika saa tisa kasoro dakika tano. Watu wapatao arobaini walikuwa katika fungu la nne la rozari. Mbele, picha nne zilipangwa kwenye kitambaa kimoja: mume wa Basilisa, mzee Apolonio wa nyumba ya kumi na nne, Rosenda, na mtoto wa miaka sita, Ligaya, akiwa na mabawa ya malaika ya maigizo ya shule.

Alivua kofia. Ripoti ilitakiwa saa kumi, na ofisi ya mwendesha mashtaka ilikuwa upande wa pili wa jiji. Alikuwa na haki ya kuingia na kumtoa shahidi wake nje. Alisimama mlangoni, akajibu *Maria Mtakatifu* pamoja na wengine, fungu la nne, fungu la tano, kisha litania yote, huku dakika zikimpita. Sala ya wafu haikatizwi.

Waliposema amina ya mwisho ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Basilisa Orbeta alikuwa kiti cha mbele, mwanamke mwembamba mwenye nguo nyeusi iliyooshwa matope mara nyingi. Kando yake alikaa Isko Badilles, fundi seremala, amekunja mikono mikubwa mapajani.

"Manang, samahani. Nina swali moja tu."

"Nilishajibu maswali yako, mwanangu."

Perfecta alimwonyesha karatasi. "Hii ni nta. Imedondoka hapa wakati saini inatiwa. Siku hiyo, katika vituo vyote vinane, mshumaa ulikuwa unawaka mahali pamoja tu."

"Siyo saini yangu."

"Manang."

"Nimesema siyo yangu! Mzee yule hakuja. Angekuja tungemsikia."

Isko aliinuka, akasimama kati yao. "Afande, mwache. Amefiwa, huoni? Leo ni siku ya tisa. Kama unatafuta wa kumsumbua, mtafute Doro."

Aliweka mkono begani mwa Basilisa, taratibu, kama mtoto kwa mama yake. Ndipo Basilisa alipoinamisha kichwa.

"Usinitetee, Isko."

"Kwa nini nisikutetee?"

"Toa mkono wako, mwanangu. Tafadhali. Utoe."

Isko aliutoa. Watu waliokuwa wameanza kukunja viti walisimama navyo mikononi.

"Alikuja," Basilisa alisema. "Alizima kwa sababu ya mume wangu. Alinong'ona kwamba ni la maji, saa kumi. Nikasaini. Nikamwambia waache walale, nitawaamsha saa tisa na nusu. Nilimhurumia Rosenda, Isko. Alikuwa hata miguu imevimba."

Isko alikuwa akimtazama kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali.

"Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba yako," alisema hatimaye. "Napasua kuni za uji wako. Nilikuwa macho, Manang. Ungeniita tu."

"Ndiyo."

"Ungesema, Isko, kuna maji. Maneno matatu."

"Ndiyo."

"Na juzi umekula kwangu. Umenipikia ukanilisha."

Mwanamke mmoja nyuma alianza kusema kitu kikali, mwingine akamshika mkono.

Perfecta aliongea kwa sauti ya kawaida, ili wote wasikie. "Tangazo lilisema saa kumi. Bwawa lilifunguliwa saa tisa. Baadaye ofisi ya jiji ikaandika tangazo jingine, lenye saa tisa, ikaliweka kwenye jalada. Likibaki hilo, habari itakuwa kwamba mlionywa mapema na mtangazaji akalala njiani. Manang Basilisa ndiye pekee wa hapa aliyeambiwa saa kumi na akatia saini. Akisema, atajitaja na yeye. Sina namna ya kumsaidia kukwepa hilo."

"Na asiposema?" Isko aliuliza bila kugeuka.

"Doro anafungwa. Kesho kutwa wanabandika tangazo jingine."

Isko alitazama picha nne kwenye kitambaa. "Wanawaita waathirika watatu," alisema. "Kila karatasi ya jiji. Waathirika watatu. Hata mbwa waliochanjwa waliandikwa kwa majina yao."

Basilisa alishika kiti cha mbele yake, akasimama. Hakuna aliyemsaidia, na yeye hakunyoosha mkono kuomba. Aligeuka, akawatazama majirani zake wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka macho yake yakafika kwa Isko yakakaa hapo.

"Nawaahidi ninyi nyote, na Mungu ananisikia," alisema. "Naondoka na afande huyu sasa hivi. Nitasema Teodoro alikuja, aliniambia saa kumi, na saini ni yangu. Nitasema walikuwa wamelala na mimi ndiye niliyekataa waamshwe. Nikiulizwa ni akina nani, nitasema Apolonio, nitasema Rosenda, nitasema Ligaya. Na yeyote atakayeandika hapo 'waathirika watatu', nitakaa kwenye kiti chake mpaka afute."